Nimelipa 80,000 kusoma falsafa Jumapili nane: hesabu yangu hii hapa

Nianze na hela, maana ndiyo kazi yangu. Mimi ni wakala wa kuweka na kutoa pesa hapa Ngamiani, Tanga. Laini za mitandao mitatu, meza moja, mwavuli mmoja, mwaka wa sita huu. Mwezi wa pili nililipa shilingi 80,000 kujiunga na darasa la falsafa la Jumapili nane, saa kumi alasiri mpaka saa kumi na mbili, kwenye chumba cha kukodi kule Chumbageni. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo jirani na meza yangu: falsafa kwa maisha ya kila siku, jitambue, nafasi chache. Nililisoma wiki mbili nzima kila mtandao ulipokata, mwisho nikapiga namba. Jina la waendeshaji siliandiki, kwa sababu humu ndani yamo ya kulaumu, na mwalimu mwenyewe ni mtu mwema.

Kilichonisukuma si kiu ya elimu, nisijisifu. Novemba nilitapeliwa 380,000. Meseji ya uongo, imefanana na ya kweli mpaka nukta, nami nikatoa keshi bila kuangalia salio. Mtaji wote ni milioni mbili, kwa hiyo iliondoka karibu moja ya tano. Hela niliirudisha polepole kwa kukopa kwa dada na kwa kujinyima, ila roho haikurudi. Kila mteja nikawa namwona mwizi. Mume wangu akaniambia siku moja, "Wewe siku hizi hata salamu unaitoa kama risiti." Nilinuna, lakini nikajua amesema kweli.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Nesi mmoja, kijana wa bodaboda, wawili waliomaliza kidato cha sita, mzee mstaafu wa Reli, na wengine ambao kufikia Jumapili ya nne hawakuonekana tena. Mwalimu alifundisha chuo zamani, sasa amestaafu, sauti ya upole, chaki mfukoni.

Jumapili ya kwanza iruke. Majina ya Wayunani ubaoni dakika hamsini, nani alisema asili ya vitu ni maji na nani alisema ni moto. Alipofika kwa Socrates kidogo tukaamka: mtu wa Athens aliyekuwa akizunguka sokoni akiwauliza watu maswali hadi wakamchoka, wakamshitaki, wakamnywesha sumu mwaka 399 kabla ya Kristo. Kijana wa bodaboda akasema mtu wa hivyo kijiweni kwao asingemaliza mwezi.

Ya pili ndiyo ilianza kunirudishia hela. Epictetus. Alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, Uturuki ya leo, na mguu wake mmoja ulikuwa na kilema. Alipoachiwa huru akafundisha Roma, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa mjini, naye akahamia Nicopolis upande wa Ugiriki na kufungua shule huko. Mwenyewe hakuandika kitu, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyenakili masomo. Somo lake kubwa ni la kutenganisha: yapo yaliyo mikononi mwako, yaani maamuzi yako na unavyoyapokea mambo, na yapo yasiyo mikononi mwako, kama mali, cheo na watu watakavyokusema. Ukiyachanganya mafungu hayo mawili, utalia kila siku.

Mwalimu akatoa kisa cha taa. Epictetus alikuwa na taa ya chuma, mwizi akaiba. Akajisemea kesho nitanunua ya udongo, yakaisha. Hapo nikanyosha mkono. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu, samahani, taa ya udongo bei gani? Mimi nimeibiwa 380,000 na mtaji ni wa kuazima." Mwalimu akasema swali zuri, akafuta ubao, akaendelea. Aliyenijibu ni kijana wa bodaboda, nyuma kabisa, wala hakunyosha mkono: "Dada, si kuna kimoja kilikuwa mikononi mwako? Kuangalia salio."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nimepanda baiskeli napiga pedali kama nafukuzwa. Lakini tangu siku ile sijatoa keshi bila kuangalia salio, hata mteja awe jirani yangu, hata awe na haraka ya kuwahi basi. Na mtandao unapokata, kitu kinachotokea kwetu karibu kila wiki, nimeacha kule kubonyeza bonyeza simu kwa hasira kama vile mnara utanionea haya. Nageuza kibao, nawaambia wateja mapema, nakaa. Kwa kukata kwa mtandao tu, falsafa ya Epictetus ina thamani ya elfu thelathini. Kwa mtaji ulioibiwa bado naona ni dawa ya maumivu, haitibu jeraha, na mtu asinidanganye. Yule hakuwa na dada anayemdai.

Sasa ya tatu. Ningekuwa na uwezo ningeiuza peke yake, kwa bei hiyo hiyo ya 80,000.

Seneca. Mzaliwa wa Corduba, Hispania, mwalimu wa Nero tangu Nero akiwa mtoto, na Nero alipokuwa Kaisari wa Roma akawa mshauri wake. Mwaka 65 baada ya Kristo Nero huyo huyo alimwamuru ajiue, naye akajiua. Alikuwa tajiri wa kutisha, mkopeshaji, huku akiandika uzuri wa kuishi na kidogo. Mzee wa Reli hakumsamehe jambo hilo mpaka siku ya mwisho. Lakini katika maandishi yake juu ya hasira, sehemu ya tatu, Seneca anaeleza zoezi alilolipata kwa mwanafalsafa aliyeitwa Sextius. Kila usiku, taa ikishaondolewa na mke wake amenyamaza, maana mke anaijua desturi yake, anaipitia siku nzima tangu asubuhi. Hajifichi kitu wala haruki kitu. Leo nimeponya ubaya gani? Nimeshinda kosa lipi? Wapi nimekuwa afadhali kuliko jana?

Kilichonishika ni mifano yake. Mimi nilidhani mwanafalsafa atajiuliza juu ya kifo na ulimwengu. Bwana yule anajiuliza kwa nini alibishana kwa ukali kwenye mazungumzo. Anajiuliza juu ya mtu aliyemwonya kwa maneno mazito mno, ambaye hakurekebika bali aliumia. Anataja kukasirikia bawabu wa mlangoni. Anataja kununa kwa sababu karamuni amekalishwa mahali pa chini. Mambo ya mezani kwangu kabisa! Halafu anajiambia usirudie tena, kwa sasa nimekusamehe. Akishamaliza, analala usingizi mzuri.

Wakala yeyote anayesoma hapa ameshaelewa. Kila jioni kabla hatujafunga tunafanya nini? Floti iliyo kwenye simu jumlisha keshi iliyo kwenye droo, lazima ifike mtaji. Isipofika, hulali. Unarudi kwenye daftari, muamala mmoja mmoja, saa, namba, kiasi, saini, mpaka uione ile elfu ishirini ilikopotelea. Miaka sita nimeifanya kazi hiyo juu ya pesa na siku moja sijawahi kuifanya juu ya mdomo wangu.

Nikaanza usiku ule ule, kurasa za nyuma za daftari la wakala. Na hapa niwaonye, kwa sababu darasa halikutuonya: wiki ya kwanza niliumia. Nilijaza kurasa mbili kila usiku, na zote ni mashitaka. Nimemjibu mume vibaya. Nimempiga mtoto kofi kwa kikombe. Nimemchelewesha mteja kwa makusudi. Mpaka saa saba usiku macho makavu kama ya mjusi. Jumapili ya nne nikasema mbele ya darasa kwamba zoezi hili limeninyima usingizi badala ya kunipa.

Yakazuka mabishano matamu kuliko yote ya kozi. Mzee wa Reli akashikilia kwamba mtu akikosa lazima ajitie adhabu, afunge siku moja au atoe sadaka, bila hivyo kesho atarudia. Nesi akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, mimi nikijiadhibu kwa kila kosa la zamu ya usiku, asubuhi nani atashika zamu?" Mwalimu safari hii hakukimbia swali. Akatupa kanuni tatu ndogo: dakika kumi tu, mambo matatu tu, na kila jambo liandikwe pamoja na kitu kimoja cha kufanya kesho yake. Halafu daftari lifungwe. Nilipofuata hivyo usingizi ulirudi. Kwa nini hayo hayakusemwa wiki iliyotangulia, sijui. Ni kama kumpa mtu dawa, maelezo ya vidonge vingapi ukampa wiki ijayo.

Niwape mfano mmoja mpaka mwisho wake. Alhamisi moja alikuja bibi wa mtaa wa nyuma, anatumiwa na mjukuu 40,000 kila mwezi. Mtandao haukuwepo. Akauliza mara ya kwanza, ya pili, ya nne. Ya tano nikamkata kwa sauti, watu wanasikia, "Bibi, si nimekwambia hakuna mtandao, unataka niuzae?" Akaondoka kimya na kimkoba chake. Jioni floti na keshi zikakutana shilingi kwa shilingi. Nikafungua ukurasa wa nyuma nikaandika: bibi. Kesho: nimtafute.

Kesho yake sikumtafuta. Kesho kutwa nikamwona anavuka barabara kwenda kwa wakala wa upande wa pili. Nikaandika tena usiku: bibi, bado. Siku ya tatu nikafunga meza mapema, nikaenda kwake na sukari kilo moja, nikapiga magoti pale barazani, nikamwomba radhi kwa yale maneno. Akanitazama muda. Akasema, "Maneno gani, mwanangu?" Nikamkumbusha. Hakuyakumbuka, au alijifanya, kwa wazee wa pwani huwezi kujua. Nikamuuliza kwa nini basi amehamia ng'ambo. "Yule ana benchi. Magoti yangu haya."

Nilicheka mpaka machozi. Usiku tatu nimejishitaki, kumbe kesi yenyewe ni benchi! Nimechongesha moja kwa fundi, 25,000, mbao ya mwembe. Bibi amerudi, na wengine wamekuja kwa ajili ya benchi tu, wanakaa, wanapiga soga, wakichoka wanatoa hela. Nesi nilipomsimulia alisema hapo ndipo zoezi lilipofanya kazi, mzee wa Reli akasema ndipo liliposhindwa, na mimi mpaka leo sijaamua.

Jumapili ya tano ilikuwa ya Marcus Aurelius, mfalme wa Roma tangu 161 hadi 180, aliyekuwa akijiandikia kwa Kiyunani mawaidha ya nafsi yake, mengine akiwa vitani. Nilimpenda kwa jambo moja: alijiandaa asubuhi kwamba leo atakutana na wasumbufu, wasio na shukrani na wajeuri. Ungedhani alikuwa na meza Ngamiani.

Ya sita ilihusu utu. Mwalimu alitueleza habari za Profesa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995, ambaye alikataa kabisa ile kauli kwamba Waafrika hawana falsafa mpaka wasome ya Wazungu. Aliwaendea wazee vijijini, akawahoji kwa kina, akawatenga wanaorudia tu mila na wale wanaoipima mila kwa akili zao wenyewe. Kazi ya nyumbani ikawa tumuulize mzee mmoja, utu ni nini. Nikampigia mama yangu Pangani. Akanyamaza, halafu akanisimulia jirani yetu wa zamani ambaye miaka yote ukimpelekea futari kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Hata kama hana kitu ndani atatia ndimu mbili. "Na siku ambayo hana hata ndimu?" nikauliza. Mama akasema siku hiyo alikuwa analirudisha mwenyewe badala ya kumtuma mtoto, anakaa kidogo, anakuuliza hali. Nilipoisoma darasani Mwalimu aliinakili kwenye daftari lake. Hiyo nayo nimeiweka kwenye faida.

Malalamiko yangu makubwa ni Jumapili ya saba. Kwenye ratiba imeandikwa Imamu Ghazali, ukurasa mzima. Mvua ikanyesha, Mwalimu akafika amechelewa dakika arobaini, umeme ukakatika, tukabakiwa na nusu saa gizani. Na ndiyo mada niliyokuwa nayo hamu! Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, mwaka 1095 akaacha kazi na heshima zote, akaondoka kwenda kuitafuta nafsi yake. Katika kitabu chake kikubwa, Ihya, kuna mlango mzima juu ya kujihesabu, na ameupanga kwa mfano wa biashara: akili ndiye mfanyabiashara, nafsi ni mshirika wake. Asubuhi unawekeana naye masharti kama unavyomkabidhi mtu mtaji. Mchana unamchunga. Jioni mnakaa mezani mnatazama mtaji na faida. Akipoteza, yapo ya kumwadibu na ya kumlaumu. Mzee wa Reli alipoisikia adabu ile alinigusa bega gizani kuniambia, unaona?

Na neno lenyewe ni muhasaba. Ndugu zangu, hesabu ni hiyo hiyo, tumeitoa kwenye Kiarabu kile kile. Rasilimali pia ni ra's al-mal, kichwa cha mali, mtaji. Sisi tumekuwa tukitamka falsafa hii kila tunapofunga duka, halafu tumeuziwa kama kitu kilichoshuka na ndege kutoka Roma. Nusu ya darasa waliwahi kuisikia madrasa au kanisani kwa jina jingine. Ningepanga mimi, Ghazali angekaa Jumapili ya tatu pamoja na Seneca, watu wapimane.

Tukiwa ukumbini tunasubiri umeme, mzee wa Reli akaanza kughani Al-Inkishafi kwa moyo, beti baada ya beti. Mshairi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, anausemesha moyo wake mwenyewe, anauuliza kwa nini hauzinduki, halafu anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yalivyobaki magofu, kwenye madaka yaliyopangwa sahani za kaure sasa makinda ya ndege yanalala. Vijana wa kidato cha sita waliwasha tochi za simu. Zilikuwa dakika bora za kozi na hazikuwa kwenye ratiba, wala Mwalimu hakuwa na mpango nazo.

Mengine kwa ufupi. Vitini viko nusu Kiingereza, na nusu ya Kiswahili imetafsiriwa na mashine. Kimoja kilituambia binadamu ajenge "nguvu ya mapenzi", mzee akauliza kama tumeingia somo la ndoa, kumbe ni utashi. Viti ni vya wanafunzi wa msingi, mtu mzima mgongo unauma. Maji ya kunywa ulete mwenyewe. Na Jumapili ya nane haikuwa somo: ilikuwa ni cheti, ambacho unalipia 15,000 zaidi na tangazo halikusema, pamoja na hotuba ndefu ya kutushawishi tujiunge ngazi ya pili kwa 150,000. Cheti sikuchukua. Nitakibandika wapi, kwenye mwavuli?

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu iliyokatwa ni ya cheti, moja ni ya Jumapili ya saba na vitini. Ukiwa na 80,000 ambayo haina kazi ya haraka, nenda, hasa kama kazi yako ni ya kukutana na watu siku nzima. Kama huna, tafuta daftari la 1,000, lianze nyuma, mambo matatu, dakika kumi. Usianze kwa kurasa mbili. Ngazi ya pili sijajiunga. Nimemwomba mzee wa Reli aje benchini Jumamosi asubuhi atughanie, amekubali kwa sharti la kahawa na kashata, na kijana wa bodaboda anapaki hapo hapo.

Jana nimefunga saa mbili usiku. Floti 1,340,000, keshi 660,000, imekaa sawa. Nyuma: nimemkatiza binti anayenisaidia mara mbili akiwa anaeleza. Kesho nimuulize alitaka kusema nini.